Ukitundika Glavu, Beba Ndoo Kwanza

Wiki hii kijana mmoja kanitumia ujumbe usiku wa manane. Ngumi za kulipwa zimemchosha, vidole vinamuuma, promota anamlipa nauli na ahadi. Anataka kutundika glavu afungue gym yake. "Kocha, nianzie wapi?" Nikamjibu neno moja tu: ndoo. Hajajibu mpaka leo, nadhani kakasirika. Basi ngoja nieleze, maana najua wengi wenu mnaosoma hapa mnawaza hilohilo.

Mimi nimepigana Dar enzi zile ukishinda Manzese watu wanakubeba mabegani hadi kituoni, halafu daladala unalipia mwenyewe. Nilikuwa na ngumi ya kushoto ya ini, muulizeni yeyote aliyeionja. Katikati hapo sina la kusimulia: kukimbia alfajiri, kushinda njaa, kutema mate kwenye kikopo ili mzani ukubali. Nilipostaafu, mzee aliyenifundisha hakunipa pedi za kupokelea ngumi wala kijana wa kumfundisha. Alinipa ndoo, sponji na taulo, akaniambia nikae nyuma yake na nifunge mdomo.

Kwenye kona ya ulingo, bondia anapopumzika, ndipo nilipojua kazi hii ni ya nini. Raundi dakika tatu, mapumziko dakika moja. Ndani ya dakika hiyo umkalishe, umpe maji, umkandamize uvimbe kwa chuma kilicholala kwenye barafu, umbane kidonda, umpake mafuta ya mgando kwenye nyusi. Ukimaliza, sekunde za kuongea ni chache mno. Ukimwambia mambo matatu hasikii hata moja. Mzee alikuwa anasema jambo moja, tena kwa sauti ya chini, huku ukumbi mzima unapiga kelele. Na kabla hajasema alikuwa anatazama macho, pumzi, miguu. Bondia mstaafu asiyepita kwenye ndoo hatazami hayo. Anajitazama yeye, anataka kijana arushe ngumi alizokuwa anarusha yeye.

Mtazameni kocha Freddie Roach wa Marekani. Alipigana ngumi za kulipwa kuanzia 1978 hadi 1986. Kocha wake, Eddie Futch, alimwambia aache, akakataa, na mapambano yake ya mwisho mengi akapigwa. Baadaye alirudi kwa Futch huyohuyo kama msaidizi, akafanya kazi miaka kadhaa bila mshahara. Ndipo akaja kuwa na gym yake Hollywood, na mwaka 2001 akaingia mlangoni bondia mmoja Mfilipino anaitwa Manny Pacquiao, gwiji wa ngumi duniani. Watu wanaisimulia sana hiyo 2001. Ile miaka ya bure hawaisimulii.

Futch naye ndiye aliyemzuia bondia wake Joe Frazier asitoke kwenye kona raundi ya 15, Manila, 1975, dhidi ya Muhammad Ali. Raundi ya mwisho! Frazier alitaka kuendelea, lakini jicho lilikuwa limefumba. Kocha akasema basi.

Na mimi nilishasema basi. Kijana niliyemlea tangu hajui kufunga bandeji, nilimtupia taulo, pambano likasimama, mbele ya mtaa wake mzima. Akaniita mwoga, akahama kambi. Siku hizi namwona mtandaoni anashukuru kila mtu hadi aliyemshonea bukta. Sijali. (Haya, najali kidogo.) Lakini kwenye hizo video maneno yanamtoka yamenyooka, hayaburuzi ulimi kama ya bondia aliyepigwa sana kichwani, na hilo nalihesabu ni langu hata asiponitaja.

Kwa hiyo vijana, bebeni ndoo. Tafuta kocha mzee mwenye kambi hai, mwambie unataka kubeba ndoo. Kama hana nafasi, tafuta mwingine, ubebe ndoo yake. Usiulize malipo mapema, na kama una watoto tafuta kibarua cha mchana, kwa sababu kambi nyingi zinachangamka jioni. Makocha wa Marekani wana desturi ya asilimia 10 ya malipo ya bondia. Hapa kwetu hiyo 10 andikishaneni kabla ya pambano, mbele ya shahidi, maana baada ya pambano simu hazipokelewi.

Gym itakuja. Begi la kwanza la kupiga ngumi shona mwenyewe kwa turubai, ujaze matambara. Usijaze mchanga mtupu: unashuka chini unakuwa jiwe, na vijana wataumia viwiko na vifundo kabla hujawafundisha kitu.