Amin tumemwona sana, Waganda je?

Mhariri, mmeuliza ni filamu ipi ya kihistoria iliyoonyesha vizuri zaidi maisha ya watu chini ya dikteta wa wakati wa vita. Kwetu sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria, swali hilo linaonekana jepesi: taja filamu ya Idi Amin, yameisha. Hapo ndipo linaponiuma, maana filamu za Amin ni za Amin. Waganda wamo kama maiti, au kama umati wa kumpigia makofi.

"Rise and Fall of Idi Amin" ya Sharad Patel, iliyopigwa Kenya, nani asiyeijua? Joseph Olita alifanana na Amin hadi watu wakaogopa, na kinachokumbukwa mpaka leo ni vichwa vya watu ndani ya jokofu. Ukishaonyeshwa jokofu, umeonyeshwa jini. Jini halihitaji karani wa kuandika majina, wala dereva, wala jirani wa kunong'ona kwamba fulani ana sukari nyingi nyumbani. Amin aliwahitaji wote hao.

"The Last King of Scotland" ya 2006 ilipigwa Uganda kwenyewe, na Forest Whitaker alistahili Oscar yake. Ila yule daktari Mskoti, mhusika mkuu wa filamu, ni wa kubuni, na kisa cha Kay, mke wa Amin, kimepindishwa ili kimhusu yeye. Mwaka 1974 mwili wa Kay, uliokatwakatwa, ulikutwa kwenye buti la gari la daktari Mganda, Peter Mbalu-Mukasa, ambaye naye alikufa siku zilezile. Filamu imemwondoa Mganda na kumpa nafasi yake mgeni.

Anayetaka maisha yenyewe aanze na sukari, chumvi na sabuni. Agosti 1972 Wahindi walipewa siku 90 waondoke. Maduka yakagawiwa wanajeshi na jamaa zao, ambao wengi wao waliuza kilichokuwa rafuni na hawakujua pa kuagiza kingine. Mwaka 1975 jalidi iliunguza kahawa ya Brazil, bei ya dunia ikapaa, lakini mkulima wa Uganda aliyeiuzia serikali alilipwa shilingi zisizonunua kitu. Basi magunia yakavushwa usiku hadi Chepkube, upande wa Kenya. Mwaka huohuo iliundwa mahakama ya makosa ya uchumi, na mfanyabiashara aliyepandisha bei alijikuta anahukumiwa na wanajeshi. Wale wa State Research Bureau, idara ya ujasusi ya Amin, walivaa kiraia na miwani myeusi, nao walikuchukua mchana kweupe, mbele ya watu. Na kwenye kizuizi cha barabarani askari alisema Kiswahili, lugha ya jeshi. Mwongozaji anayemfanya amhoji mkulima wa Masaka kwa Kiingereza ameshaharibu.

Nilikusudia kuishia hapo na kusema hakuna hata moja inayofaa. Lakini kipo kile kikao cha mawaziri.

Kimo katika "General Idi Amin Dada", filamu ya Barbet Schroeder ya 1974, isiyo na mwigizaji hata mmoja. Amin mwenyewe alikubali kupigwa picha, akachagua mengi ya kuonyeshwa, na hata muziki unaosikika anaupiga yeye kwa kodiani. Kikaoni anawafundisha mawaziri uongozi kama mwalimu wa darasa la nne. Wao wanaandika. Wanaandika hata pale ambapo hajasema kitu cha kuandikwa, kwa sababu kalamu inayotembea inakupa pa kuweka macho. Kisha anamgeukia waziri wa mambo ya nje, Michael Ondoga, anamlaumu mbele ya wenzake. Hakuna anayemtetea, hakuna anayeacha kuandika. Msimulizi anatuambia kwamba wiki mbili baadaye maiti yake ilikutwa katika mto Nile. Irudie sehemu hiyo, ila safari hii usimtazame Amin. Tazama mikono ya mawaziri.

Filamu ilipotoka, Amin alidai vipande vikatwe, takribani dakika mbili na nusu. Schroeder akakataa. Amin akawakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda, karibu 200, akawaweka hotelini, jeshi likaizingira hoteli, nao wakapewa namba ya simu ya Schroeder wampigie wenyewe. Schroeder akavikata vile vipande. Alivirudisha baada ya Amin kuanguka. Kwa siku hizo chache, mtu aliyekuwa Paris alionja kile walichokuwa nacho wale waliokuwa mezani.

Basi, pamoja na yote niliyosema juu ya filamu zinazomkodolea macho Amin, nachagua hii, ambayo haitoki usoni pake. Naichagua kwa masharti. Raia wa kawaida hapewi nafasi ya kueleza anaishije. Hakuna sukari wala foleni. Tena ilipigwa miaka minne kabla ya vita vya Uganda na Tanzania: kabla ya Oktoba 1978, jeshi la Amin lilipoingia Kagera, likaua wanavijiji na kuswaga ng'ombe, kabla ya saba saba, yale makombora ya jeshi letu, kuunguruma, kabla ya jeshi letu wenyewe kulipua majengo ya Masaka, jambo ambalo Watanzania hatupendi kulitaja. Schroeder hafiki huko, na Patel anafika akiwa na haraka ya kumwonyesha Amin akikimbia.