Nyimbo za Kuingia Nazo Chumba cha Upasuaji

Ukishapangiwa tarehe ya upasuaji utapewa maelekezo mengi: vipimo, ndugu wa kuchangia damu, mwisho wa kula ni saa ngapi, hereni uvue, rangi ya kucha ufute. Hakuna atakayekuambia uandae nyimbo. Mimi nakwambia ziandae, tena mapema, kabla hofu haijakuondolea akili ya kuchagua.

Nilitolewa uvimbe kwenye kizazi kwa ganzi ya mgongo, kwa hiyo nilikuwa macho muda wote. Kuanzia chini ya kifua mwili ulikuwa umekwenda zake, masikio yakabaki. Na mle ndani kuna mengi ya kusikia: vyuma vinagongana kwenye trei, mpira unafyonza damu, mashine ya kuunguza mishipa midogo inalia kila inapobonyezwa, na watu wanajadili foleni ya asubuhi kana kwamba wewe haupo. Maumivu hakuna, lakini kuvutwa na kusukumwa unakuhisi. Ukihisi unavutwa halafu papo hapo chuma kikalia, akili inamalizia picha yenyewe, na picha hiyo siku zote ni mbaya kuliko kinachofanyika.

Kazi kubwa ya muziki kwangu ilikuwa hiyo, kuinyima akili nafasi ya kuchora.

Omba ruhusa kabla. Atakayekupa jibu ni daktari wa usingizi, na kwa kawaida atapita kukuona kabla ya upasuaji. Wangu alisema, "Dada, sikio moja tu. Jingine niachie mimi." Ana sababu. Baada ya sindano ya mgongo presha inaweza kushuka ghafla, na dalili ya kwanza mara nyingi ni kichefuchefu. Atakuuliza unajisikiaje, unapumua vizuri, vidole vya mikono vinakaza? Asipojibiwa kwa sababu umeziba masikio yote mawili, umemtia kazi bure. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 157 waliokuwa wakisubiri sindano za ganzi ya neva. Wengine walipewa dawa ya kutuliza iitwayo midazolamu, wengine muziki kwenye hedifoni zinazozuia kelele. Wasiwasi ulipungua kwa kiwango kinachokaribiana. Malalamiko yaliyojitokeza upande wa muziki yalikuwa hayo hayo ya daktari wangu: kuongea kulikuwa kugumu.

Kama utapewa nusu kaputi utasema, nitalala, nyimbo za nini? Za kusubiria. Kwenye hospitali zetu ratiba ya upasuaji ni ahadi tu. Umefunga kula tangu usiku, umeshavaa gauni la kijani, mara inaletwa dharura ya mama mjamzito, ambayo lazima ipite mbele yako, na baada yake nyingine. Mimi saa hizo za benchi niliziogopa kuliko kisu chenyewe. Kwa hiyo andaa nyimbo za nusu siku, na zote ziwe ndani ya simu. Usitegemee bando. Mtandao ukikatika una tatizo moja, lakini usipokatika una jingine: uko katikati ya wimbo mpole, pumzi imeanza kutulia, linaingia tangazo la kubeti kwa sauti ya juu.

Wimbo gani? Watu hupakua "muziki wa kutuliza", mvua na kinanda. Kama unakufaa, sawa. Mimi nausikia kama muziki wa lifti. Nataka wimbo ninaoujua mpaka pumzi za mwimbaji, ili akili iwe na kazi ya kuusubiri ubeti unaofuata. Nikiri kwamba sayansi hainiungi mkono sana hapa. Mwaka 2015 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 73 yenye wagonjwa karibu 7,000. Waliosikiliza muziki, iwe kabla, wakati au baada ya upasuaji, walikuwa na maumivu na wasiwasi pungufu, wakatumia dawa chache za maumivu, na hata waliosikilizishwa wakiwa usingizini walinufaika kidogo. Ila haikuonekana tofauti kubwa kati ya aliyejichagulia nyimbo na aliyechaguliwa. Wala muziki haukumtoa mtu hospitali mapema. Sawa. Bado nitajichagulia.

Taarabu asilia inafaa sana: wimbo mmoja ni mrefu, na fidla na ganuni huchukua muda wao kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Dansi la zamani pia, kwaya pia. Mipasho iache nyumbani, itakukumbusha watu usiotaka kuwakumbuka ukiwa umelala chali. Singeli ndiyo usiguse, unateremsha mapigo ya moyo au unashindana nayo? Na usiingie na wimbo wa harusi yako, wala ule wa marehemu mzee wako. Muziki hushika harufu ya mahali uliposikika, na wimbo unaoupenda kuliko wote unaweza kutoka mle ukinuka spiriti.

Jambo lenyewe si geni. Daktari Evan Kane wa Pennsylvania aliandika mwaka 1914 jinsi alivyoweka gramafoni kwenye chumba chake cha upasuaji ili kuwapunguzia wagonjwa hofu. (Ndiye huyo huyo aliyejipasua mwenyewe mwaka 1921 akajitoa kidole tumbo, kwa hiyo mambo ya kukaa macho huku unakatwa aliyajua vizuri.)

Ganzi ikiisha, hapo nataka tuelewane. Muziki si dawa ya maumivu. Ni wa kukusogeza kutoka dozi moja hadi nyingine. Dawa meza au chomwa kwa saa zake, na maumivu yakianza kupanda mwite sista mapema, usisubiri mpaka uanze kung'ata shuka ili uonekane jasiri. Mimi nyimbo zilinisaidia zaidi kwenye yale mambo mafupi yanayouma: kukohoa huku umekumbatia mto juu ya kidonda, kugeuka kitandani, kushusha miguu na kusimama mara ya kwanza. Nilikuwa nasema nitatembea mpaka kiitikio, kisha nakaa. Lakini ukiona maumivu yanaongezeka siku hadi siku badala ya kupungua, au una homa, kidonda kinatoa usaha, mguu mmoja umevimba, pumzi inabana, vua hivyo vya masikioni useme. Hapo mwili unakupa taarifa, usiuzimie sauti.

Wodini usitumie spika. Kitanda cha pili anaweza kuwa amelala mama aliyepoteza mtoto jana. Na simu ikichajiwa isiwe mbali na mkono wako, wezi wa wodi hawana huruma na mgonjwa.

Kama unayemuuguza ni mzazi, muulize anataka nini, usimchagulie kwa sababu wewe umesoma makala. Wapo watakaotaka kisomo cha Qurani, ambacho kwao si muziki hata kidogo, na wapo watakaotaka kimya. Mama yangu, alipokuwa anasubiri kutolewa mtoto wa jicho, alizikataa kaswida zote nilizomwekea, akataka mpira redioni. Daktari alikubali asikilize pale benchini, kwa sharti moja: akiingia ndani redio ibaki nje, maana kwenye upasuaji wa jicho kichwa hakitakiwi kutikisika, na mama ni Yanga.