Maswali ya Wasomaji: Mgombea Ubunge Akifariki Kabla ya Siku ya Kura

SWALI: Ndugu Mhariri, Oktoba 25, 2015 sisi wapiga kura wa Arusha Mjini tulimchagua Rais, lakini kura ya mbunge tukaambiwa tusubiri hadi Desemba kwa kuwa mgombea wa ACT-Wazalendo alikuwa amefariki dunia. Kwa nini waliobaki hawakushindanishwa siku ile ile? Je, ule ulikuwa uchaguzi mdogo?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, haukuwa uchaguzi mdogo. Uchaguzi mdogo hujaza kiti kilichoachwa wazi na mbunge aliyekwisha kuchaguliwa, ilhali ninyi hamkuwa mmemchagua mtu bado. Mlikuwa mnakamilisha uchaguzi mkuu ulioahirishwa jimboni kwenu.

Sababu ya kuahirisha ni nzito. Katiba yetu hairuhusu mgombea binafsi, kwa hiyo anayesimama hubeba bendera ya chama, na kama kura ingepigwa bila yeye, chama kilichofiwa kingekosa nafasi ya kuwania jimbo hilo kwa miaka mitano kwa sababu ya msiba. Huko Handeni Mjini, alikokuwa akigombea hayati Dk. Abdallah Kigoda wa CCM, chama hicho kilimsimamisha mwanawe, Omari Kigoda, naye akashinda Desemba 13, siku ile ile Godbless Lema wa Chadema aliposhinda kwenu. Ludewa, jimbo la mgombea wa CCM, Deo Filikunjombe, aliyefariki kwa ajali ya helikopta Oktoba 15, zikiwa zimebaki siku 10 tu, na Masasi, alikokuwa akigombea hayati Dk. Emmanuel Makaidi wa NLD, walipiga kura Desemba 20. Nakuomba utazame jambo moja hapo: NLD ni chama kidogo, lakini kilisubiriwa sawasawa na chama tawala, na ndivyo inavyopasa.

Mwaka 2005 msiba uligusa nchi nzima. Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa urais wa Chadema, alifariki siku chache kabla ya siku ya kura, Oktoba 30, na kwa kuwa jimbo la mgombea urais ni Jamhuri yote, uchaguzi wa Muungano ulisogezwa hadi Desemba 14, ingawa Zanzibar iliendelea kumchagua Rais wake na wawakilishi wake kama ilivyopangwa.

Hata hivyo, subira hiyo ina gharama, na sidhani inazungumzwa vya kutosha. Bunge lilipokutana Novemba 17, 2015 kumchagua Spika Job Ndugai, na siku mbili baadaye kumthibitisha Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, Arusha Mjini, Handeni Mjini, Ludewa na Masasi hazikuwa na mbunge wa jimbo wa kuwapigia kura. Kwa maoni yangu, chama kilichofiwa kinastahili muda wa kuzika na kuteua, lakini pale kifo kinapotokea mapema, Tume ya Uchaguzi ijitahidi kupanga tarehe itakayomwezesha mbunge mpya kuapishwa pamoja na wenzake.