Picha iliyo ukutani kwako si mali yako

Kila baada ya ufunguzi wa maonyesho katika galari yangu, nyumba ya kuonyesha na kuuza sanaa, kuna kijana mmoja au wawili wanaobaki wageni wakishaondoka. Wanasaidia kukusanya glasi, wanazungukazunguka, halafu swali linatoka: "Dada, na mimi nataka kufungua galari. Nianze na mtaji kiasi gani?" Nimeulizwa hivyo mara nyingi, na jibu ninalotoa mlangoni saa nne usiku huwa halitoshi. Jibu lenyewe halianzi na mtaji. Linaanza na mchoraji aliyekuwa "akipita tu".

Ulikuwa mwaka wangu wa pili katika kazi hii. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili Kinondoni, kodi ya miezi sita unalipa kwa mkupuo. Nikauza picha yake kwa shilingi 1,400,000, picha kubwa ya wanawake wanaosubiri samaki Feri alfajiri. Mnunuzi alilipa taslimu. Makubaliano yetu yalikuwa nusu kwa nusu, kwa hiyo 700,000 zilikuwa zake kuanzia dakika ile. Wiki hiyohiyo mwenye nyumba akaja. Nikajiambia mchoraji nitamlipa mwezi ujao, biashara ikichangamka. Nikazitoa zote.

Baada ya wiki mbili akaja. "Nilikuwa napita tu, nikasema nikusalimie." Tukanywa chai. Akatazama ukutani, akaona pale ilipokuwa picha yake pana picha nyingine. Hakusema kitu. Akaja tena, alikuwa anapita tu. Mara ya tatu alikuja mvua ikinyesha, kutoka Mbagala, na mtu wa Mbagala hapiti Kinondoni kwa bahati mbaya. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ananidai kwa miezi miwili, kwa namna ambayo watu wenye adabu hudai. Nilimweleza ukweli, nikaenda kukopa kwenye kikundi chetu cha vikoba, nikamlipa kesho yake. Alinisamehe. Lakini hakuniletea picha kwa miaka minne, na kazi zake nzuri kuliko zote alizichora katika miaka hiyo. Nilikwenda kuzitazama kwenye kuta za wengine.

Tangu hapo nina akaunti mbili. Fedha yoyote ya mauzo inaingia kwanza kwenye ile ninayoiita ya amana. Ndani ya siku saba sehemu ya msanii inatoka kwenda kwake, na ujumbe unaoeleza picha ipi imeuzwa, kwa bei gani, na kama kulikuwa na punguzo. Yangu inahama baada ya hapo. Kodi ikinishinda, basi imenishinda mimi, haimhusu yeye.

Watu wa Kariakoo wana neno lao kwa mpango wa namna hii: mali kauli. Unachukua mzigo kwa neno lako, unalipa ukishauza. Galari nyingi hapa kwetu zinaendeshwa kwa mali kauli, na mimi sina ugomvi na kauli, ila naomba iandikwe. Mkataba wangu ni karatasi moja. Una jina la kazi, mwaka ilipofanywa, ukubwa wake kwa sentimita, imechorwa kwa rangi gani na juu ya nini, bei ya ukutani, mgawanyo, na itakaa kwangu muda gani. Halafu una mambo ambayo watu huona aibu kuyataja: nani amelipia fremu, nani anabeba hasara picha ikilowa au ikichanika, na mteja akiomba punguzo linakatwa upande wa nani. Karibu ugomvi wote niliousuluhisha kati ya msanii na mwenye galari ulitokana na haya matatu ya mwisho.

Wasanii wapya wakisikia nusu kwa nusu wanashtuka, na wana haki ya kushtuka. Ndio mgawanyo uliozoeleka katika galari nyingi duniani. Kwetu utakuta galari inachukua kati ya asilimia 40 na 50. Lakini nusu hiyo inakudai. Inakudai ulipe mpiga picha mzuri, usafiri, taa, mialiko, uandike maelezo yanayoeleweka, umpigie simu mteja wa mwaka juzi, na uendelee kumsimamia msanii hata katika mwaka ambao hakuuza chochote. Kama kazi yako ni kutundika na kusubiri mtu aingie, chukua robo na ushukuru.

Mfano ninaoupenda kwa jambo hili ni Leo Castelli wa New York. Alifungua galari yake mwaka 1957 ndani ya nyumba aliyokuwa akiishi, mtaa wa 77 Mashariki, akiwa na umri wa karibu miaka 50. Mwanzoni mwa 1958 akaonyesha kazi za Jasper Johns, mchoraji kijana asiyejulikana wakati huo, na jumba la makumbusho la MoMA likanunua kazi kadhaa kutoka maonyesho hayohayo. Watu hulisimulia hilo kama bahati. Mimi huangalia upande mwingine: Castelli alikuwa akiwalipa wasanii wake posho ya kila mwezi, wameuza au hawajauza. Mchoraji anayejua kodi yake imelipwa anaweza kuchora kile anachokiona, badala ya kile anachodhani kitanunuliwa kesho. Mimi sijaweza kulipa posho wasanii wangu wote. Nimeweza wawili, kwa mwaka mmoja mmoja, na ukiziweka kazi zao za kabla na za baada utaiona tofauti kwa macho yako.

Na sisi tuna kisa chetu, hapahapa Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyewahi kuwa mhudumu Muhimbili, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa juu ya vibao. Picha zake zikiuzwa Morogoro Stores, Oysterbay, wanunuzi wengi wakiwa wageni waliokuja kununua mahitaji ya nyumbani. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi na kumuua, wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Miaka minne tu, na imezaa mtindo uliobeba jina lake mpaka leo. Picha zake zimetawanyika duniani, na zimefuatwa na nyingine nyingi zenye sahihi inayofanana na yake. Ndiyo maana nasisitiza leja. Kila kazi inayopita mikononi mwangu ina namba, picha mbili za mbele na nyuma, tarehe iliyoingia, na jina la aliyeichukua. Mnunuzi anapewa cheti chenye namba hiyohiyo. Miaka tisa baadaye mtoto wa mteja wangu mmoja aliniletea picha ya marehemu baba yake akitaka kujua kama ni halisi. Nilifungua daftari la mwaka ule, nikamwonyesha mstari. Ilichukua dakika tano.

Sasa bei, maana hapa ndipo wengi wanapoanguka. Bei iliyo ukutani iwe moja kwa wote. Nimeona maduka yenye bei ya Mzungu na bei ya Mswahili, na nimeona wote wawili wakigundua. Mimi napanga bei ya msanii kwa ukubwa wa kazi: picha zake mbili za ukubwa mmoja zina bei moja, hata kama moja ninaipenda zaidi. Bei inapanda polepole, baada ya maonyesho yaliyouzika vizuri. Ukiipandisha haraka utalazimika kuishusha, na kuishusha ni kumwambia kila aliyenunua jana kwamba umempunja. Mwambie pia msanii mapema: akimuuzia mteja nyumbani kwake kwa nusu ya bei ya galari, ameua bei yake mwenyewe. Nami nimlaumu kwa upole, maana mara nyingi anafanya hivyo kwa sababu mtoto anaumwa na galari haijamlipa. Rudi juu usome habari ya Mbagala.

Utaambiwa Watanzania hawanunui sanaa. Si kweli, na usijenge biashara yako juu ya maneno hayo. Mtu anayechangia harusi tatu kwa mwezi na kushona sare zake zote ana fedha ya picha. Alichokosa ni mtu wa kumkaribisha bila kumfanya ajione mshamba. Wateja wangu wanaorudi ni wauguzi, wahandisi, mwalimu mmoja wa sekondari, mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wengi wanalipa kwa awamu, miezi minne hadi sita. Picha inabaki kwangu ikiwa na kibandiko chekundu cha kuonyesha imeuzwa hadi awamu ya mwisho, na kila awamu inayoingia naigawa na msanii siku hiyohiyo. Yule mwalimu alilipa kwa miezi minane. Siku ya kuichukua alikuja na mkewe na watoto, wamevaa kama wanakwenda Krismasi.

Mambo ya mikono nayataja haraka, ingawa yamenigharimu. Hewa ya pwani ni adui: acha nafasi kati ya picha na ukuta ili hewa ipite, la sivyo kuvu itaota nyuma ya kanvasi. Kagua mbao za fremu, wadudu huanzia kwenye kona. Sanamu ya mpingo usiiweke chini ya kiyoyozi, inapasuka. Mwambie na mteja anayeipeleka nchi za baridi, ambako nyumba zina hewa kavu. Ukiviringisha picha kwa safari, upande wenye rangi uwe nje. Niliviringisha rangi ikiwa ndani mara moja tu, rangi ikajikunja na kuvunjika, na nikamlipa mchoraji bei kamili.

Kuhusu sheria, jisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na upate mtu wa hesabu za kodi kabla hujapata fundi wa taa. Ukumbuke pia kwamba kuuza picha si kuuza hakimiliki yake. Mteja akitaka kuichapa kwenye kalenda ya kampuni, ruhusa inatoka kwa msanii, na malipo yake ni mengine. Wenzetu wa Kenya mwaka 2019 waliweka katika sheria haki ya msanii kupata sehemu kazi yake inapouzwa tena. Natamani wasanii wetu waipate haki hiyo kwa vitendo, na wenye galari tuwe wa kwanza kuidai.

Maonyesho makubwa ya nje ya nchi yanavutia sana, hasa tangu Touria El Glaoui alipoanzisha 1-54 mjini London mwaka 2013 kwa ajili ya sanaa ya Afrika. Nenda kwanza kama mtazamaji. Kibanda kinalipiwa kabla hujauza hata mchoro mmoja, na nimemshuhudia mwenzangu akirudi na madeni yaliyofunga galari yake. Mimi nilianza na Nairobi na Kampala, kwa basi. Elimo Njau, Mtanzania mwenzetu, na wenzake walianzisha galari ya Paa ya Paa Nairobi mwaka 1965, na jina hilo tamu, la mnyama anayepaa, lilinipa hamu ya safari hata kabla sijapafahamu mahali penyewe. Kampala, Daudi Karungi, naye msanii, alifungua galari ya Afriart mwaka 2002. Keti na watu wa namna hiyo, uulize wanavyofunga mizigo na wanavyodai madeni.

Na mtaji, kwa kuwa ndilo swali lenyewe. Nilianza na kodi ya miezi sita, ndoo mbili za rangi nyeupe, taa kumi na mbili, drili ya kuazima, wasanii watano waliokubali kuniamini, na daftari gumu la kurasa mia mbili. Mahitaji ya nyumbani niliyalipa kwa kazi ya nusu siku katika duka la fremu, kwa miaka mitatu ya mwanzo. Ukiweza, kuwa na akiba ya mwaka mzima wa kodi, nami nisingekuwa na kisa cha kukusimulia kama ningekuwa nayo. Kama bado unataka, tunabadilisha ukuta Jumatatu ya wiki ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa tatu asubuhi. Njoo na futi kamba. Utashika picha, utapima, utaandika kwenye leja, na jioni tutawapigia simu wasanii wote ambao kazi zao zimeuzwa mwezi huo.