Maswali Yenu: Eksirei Inayochungulia Ndani ya Seli

Tangu niandike kwamba ipo eksirei inayoonyesha yaliyomo ndani ya seli moja, simu yangu haijanyamaza. Nimechukua maswali machache.

Nilipigwa eksirei ya kifua nikaona mbavu tu. Seli zilienda wapi? (Ahero)

Hazikwenda popote. Miale ya hospitali ni mikali, inaipita nyama na kukwama kwenye mfupa. Kwa seli hutumiwa miale laini, ambayo hata karatasi ya daftari huizuia. Hewa pia huizuia, ndiyo maana kazi hufanyiwa ndani ya chombo kilichofyonzwa hewa.

Hadubini ya shule hutuonyesha seli za kitunguu vizuri. Ya nini kuhangaika? (Kidato cha tatu, Kakamega)

Hadubini yenu haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi. Milimita moja ina nanomita milioni. Miale laini hufika 50 au chini yake. Hadubini ya elektroni huona vidogo zaidi, lakini mara nyingi seli hukatwa vipande vyembamba mno kwanza.

Utamu wenyewe uko kwenye maji. Seli imejaa maji, na ukichagua miale ya elektronivolti (kipimo cha nishati ya miale) kati ya 284 na 543, oksijeni ya maji huiachia ipite, ilhali kaboni ya protini na mafuta huinyonya karibu mara kumi zaidi. Wataalamu huiita dirisha la maji. Rangi haihitajiki: kiini, mitokondria (vinu vya nishati vya seli) na matone ya mafuta hujitokeza vyenyewe, kama omena kwenye maji safi. (Si pale Dunga, ufukweni Kisumu, magugu hayatakuruhusu.) Seli huzungushwa kidogo kidogo ikipigwa picha, kisha kompyuta huziunganisha kuwa umbo zima.

Seli hubaki hai? (Nakuru)

La. Hugandishwa kufumba na kufumbua ili barafu isipate muda wa kufanya chembe za kuichana, kisha huhifadhiwa kwenye baridi ya naitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri. Ni naitrojeni ileile iliyo kwenye mtungi wa anayekuja kumpandisha ng'ombe wako kwa mrija.

Itampima mwanangu malaria? (Mama, Kondele)

Hapana, mama. Akichemka mwili mpeleke kituoni leo hii adungwe kidole.

Ila watafiti wameipiga picha seli nyekundu yenye kimelea, na inafundisha. Kimelea hula himoglobini, kikabaki na takataka ya madini ya chuma iliyo sumu kwake. Huifunga iwe fuwele, nazo huonekana nyeusi tititi ndani ya mfuko wake wa chakula. Mnakumbuka klorokwini, ile tembe chungu iliyotuwasha mwili mzima? Kazi yake ilikuwa kuzuia ufungaji huo, kimelea kife kwa uchafu wake. Baadaye vimelea vikajifunza kuitoa dawa nje ya mfuko huo.

Kenya tunayo? (Bondo)

Hatuna. Picha nzuri hutoka kwenye sinkrotroni, mtambo wa duara unaokimbiza elektroni hadi zitoe mwanga mkali, na Afrika nzima haina hata mmoja. Zinazopiga picha za seli ziko Berkeley, Berlin na karibu na Barcelona, miongoni mwa kwingine. Mtafiti huandika maombi apewe saa za kutumia, na kwa utafiti unaochapishwa wazi saa hizo kwa kawaida hazilipiwi. Kazi ni nauli.