Maswali ya Wasomaji: Vipuri vya Kaboni vya Bei ya Chini

Barua nyingi za toleo hili zinauliza jambo moja: vipuri vya baiskeli vya nyuzi za kaboni vinavyouzwa mtandaoni kwa bei ndogo, na kama mtu anaweza kuvitumia bila hofu. Tumechagua sita. Majibu yanatoka kwa mafundi na wakaguzi wanaoshughulika na kaboni kila siku.

Ndugu mhariri, nimeona usukani wa kaboni usio na jina la kampuni, chini ya robo ya bei ya ule niliokuwa nautamani. Muuzaji anasema umetoka kiwanda kilekile kinachotengenezea kampuni kubwa. Ninunue?
*Mpenda mbio*

Usinunue.

Hayo ya kiwanda kilekile yana chembe ya ukweli. Sehemu kubwa ya vipuri vya kaboni duniani, vya ghali kwa vya rahisi, hutengenezwa China na Taiwani, kwa hiyo kutoka huko si kosa. Zipo kampuni za China zinazouza kwa jina lao wenyewe, zenye namba ya toleo kwenye kila kipande, maelekezo ya kufunga, dhamana na ripoti za majaribio, na bado bei zao ni za chini. Hizo tunazipima kama kampuni nyingine yoyote. Kinachotutisha ni kipande kisicho na mwenyewe.

Anayenunua bomba la alumini ananunua kitu ambacho nguvu yake ilikwisha kujulikana. Nguvu ya kaboni huzaliwa siku kipande kinapoundwa. Mfanyakazi hupanga kwa mkono, ndani ya kalibu, tabaka za nyuzi zilizokwisha kulowekwa resini, yaani gundi ya kuzishikilia, kila tabaka kwa pembe yake: digrii 0, 45, 90. Uzi wa kaboni ukivutwa kwa urefu una nguvu ya ajabu, lakini kwa upande hushikiliwa na resini tu, na huachana kama ubao unaopasuka kufuata nyuzi zake. Ndani huwekwa puto la kubana tabaka dhidi ya kalibu, kisha vyote hupikwa, mara nyingi kwenye nyuzijoto kati ya 120 na 150.

Hapo ndipo mambo huharibika. Puto likikosa shinikizo la kutosha, vipovu vya hewa hubaki kati ya tabaka. Tabaka likijikunja kwenye kona, nyuzi zilizopaswa kubeba mzigo zikiwa zimenyooka hupinda, na resini hujaa kwenye mkunjo. Kwenye usukani kona hizo ziko pale unapopindia chini, na karibu na katikati unapobanwa na stemu (kishikio kinachouunganisha usukani na baiskeli), yaani palepale mzigo unapokuwa mkubwa. Kisha kipande hupigwa rangi, na kwa nje hakuna tofauti. Kalibu moja inaweza kutoa kipande chenye tabaka zote na kingine kilichopunguzwa mbili ili bei ishuke. Gharama kubwa ya kipande kizuri iko kwenye ukaguzi: kupima uzito wa kila kimoja, kukata vichache kuangalia ndani, kuvipiga picha za mionzi, kutupa visivyofaa. Bei ikishuka hadi robo, ukaguzi huwa wa kwanza kuondolewa.

Kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ISO 4210, kinataka usukani usukumwe na kuvutwa kwenye mashine mizunguko isiyopungua 100,000 bila kupasuka. Kuning'inia juu yake nyumbani hakuthibitishi chochote, kwa sababu kipande kibovu hubeba mzigo mmoja mkubwa vizuri tu, kisha kikafa kwa mizigo midogo inayorudiarudia. Na kaboni haina desturi ya chuma ya kupinda kwanza. Mara nyingi ufa hukua ndani, kimya, halafu kipande hukatika mara moja. Usukani ukikatika kwenye mteremko, kinachopiga chini ni uso wako.

Unachopata badala yake? Tofauti ya uzito kati ya usukani mzuri wa alumini na wa kaboni wa umbo hilohilo mara nyingi haifiki gramu 100. Kwa fedha hizohizo nunua wa alumini wa kampuni inayojulikana. Kanuni hiyo tunaifuata kwa kila kilicho mbele ya mpanda baiskeli, yaani usukani, stemu na foko (uma unaoshika gurudumu la mbele): kisicho na mwenyewe hakifungwi, hata kikitolewa bure.

Kwenye tangazo wameandika "T800", "3K" na alama ya CE. Si uthibitisho wa ubora huo?
*Msomaji makini*

Hapana. T700 na T800 ni madaraja ya nyuzi yaliyotokana na majina ya bidhaa za kampuni ya Toray ya Japani. T700 ina nguvu ya kuvutwa ya takriban megapaskali 4,900, na T800 iko karibu 5,500. Hizo ni namba za uzi mtupu, kabla haujaguswa na resini wala mkono wa mtu. Usukani wa T800 uliopangwa vibaya hukatika mapema kuliko wa T700 uliopangwa vizuri, na hakuna jicho linaloweza kutazama kipande kilichopakwa rangi likajua ndani yake mna daraja gani. Neno "3K" maana yake ni kwamba fungu moja la uzi lina nyuzi ndogo 3,000, na ule ufumaji wa miraba unaouona kwa kawaida ni tabaka la juu la urembo. CE, alama ya mtengenezaji kudai kwamba bidhaa yake inatimiza sheria za Umoja wa Ulaya, nayo haihusiki: katika sheria hizo, alama hiyo ni ya baiskeli zenye mota, si za kukanyagwa kwa miguu pekee. Ukiikuta kwenye usukani wa kawaida, shaka iongezeke badala ya kupungua.

Mwombe muuzaji ripoti ya majaribio ya ISO 4210 inayotaja modeli hiyohiyo, maabara na tarehe. Omba kiwango cha kukaza bolti na uzito wa juu wa mpandaji. Mwenye bidhaa halali huwa navyo mkononi. Anayejibu kwa picha nzuri zaidi na punguzo la bei, mwache. Na kama kipande kimebandikwa jina la kampuni kubwa kwa bei ya kutupa, hicho ni bandia. Aliyeghushi jina hana sababu ya kupoteza fedha kwenye vipimo.

Bomba la siti la kaboni la mteja wangu linateleza chini kila baada ya safari fupi. Nimekaza hadi naogopa. Nifanyeje?
*Fundi wa mtaani*

Fundi mwenzetu, acha kukaza sasa hivi. Hapa ndipo hata kaboni nzuri hufia, mikononi mwetu mafundi, na lawama ikaenda kwa kiwanda.

Toa bomba. Chukua kalipa, kifaa cha kupimia unene, upime kipenyo sehemu nne kwa urefu, na kila sehemu mara mbili, mara ya pili ukizungusha robo duara. Bomba la milimita 27.2 lisomeke 27.2 au pungufu kidogo sana. Ukipata 26.9, au ukikuta vipimo viwili vya sehemu moja vinapishana kwa zaidi ya milimita 0.1, bomba ni jembamba au si duara kamili, na hakuna ukazaji utakaoliponya. Kosa hili la vipimo ni la kawaida mno kwenye vipuri visivyo na jina. Rudisha.

Vipimo vikiwa sawa, angalia grisi. Grisi ya kawaida haifai kati ya kaboni na fremu, kwa sababu ndiyo inayotelezesha. Futa bomba na ndani ya fremu kwa spiriti na kitambaa safi. Papasa mdomo wa fremu kwa kidole; ukikuta ncha kali, isawazishe kwa msasa laini, maana hiyo hukata nyuzi polepole. Kisha paka pesti ya kaboni, ile yenye punje ndogondogo ndani yake, tabaka jembamba kwenye sehemu inayozama tu. Punje hizo huongeza mshiko, ukaweza kukaza kwa nguvu pungufu kuliko unavyodhani. Geuza kola, ile pete inayobana bomba, ili mpasuo wake usikae juu ya mpasuo wa fremu, isipokuwa mtengenezaji ameelekeza vingine.

Tumia spana ya kupima nguvu. Anza Nm 3 (newtonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), ongeza nusu nusu hadi bomba lisizunguke unapolishika kwa mkono. Mengi hutulia kati ya Nm 4 na 5. Namba iliyoandikwa kwenye kipande ni kikomo cha juu, si lengo la kufikia. Hakikisha pia alama ya kina cha chini imezama ndani ya fremu. Alama hiyo huwekwa angalau mara mbili ya kipenyo kutoka mwisho wa bomba, yaani kama milimita 55 kwa bomba la 27.2, lakini fremu nyingi za kaboni hutaka zaidi, 80 au 100. Fuata iliyo kubwa.

Kwa kuwa umekwisha kukaza kupita kiasi, kagua mahali kola ilipobana. Ukiona mistari ya ufa kwenye rangi, au kucha ikinasa kwenye mchubuko, bomba hilo halirudi kwenye baiskeli ya mtu.

Hali ni hiyohiyo kwenye stemu. Bolti nne za uso wa stemu hukazwa kwa kupishana, juu kushoto, chini kulia, zikienda pamoja hadi karibu Nm 5, na nafasi ilingane juu na chini. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho kwanza, ukingo wa stemu huuma usukani kwenye mstari mmoja mwembamba. Na bomba la foko la kaboni halipigiliwi ile nati ya nyota ya foko za chuma, kwani meno yake hukwaruza nyuzi kutoka ndani. Lataka plagi ya kutanuka, iliyokaa palepale stemu inapobana.

Rimu za kaboni zenye breki za pembeni, kwa milima mirefu, zinafaa zikiwa za bei ya chini?
*Mpanda milima*

Kwa milima mirefu, hapana. Breki ya pembeni hugeuza mwendo wako wote kuwa joto kwenye ukuta wa rimu. Alumini hulisambaza joto hilo haraka, kaboni hulibakiza palepale raba inaposugua. Kila resini ina kiwango cha joto ambacho ikikifikia hulainika, na resini ya bei ya chini hukifikia mapema. Upepo wa tairi nao unasukuma kuta nje muda wote. Ukuta uliolainika huvimba, na tairi huweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo.

Kama tayari unazo, tumia raba zilizotengenezwa kwa kaboni tu, wala usizihamishe kutoka rimu za alumini, kwa kuwa hubeba vipande vya chuma vinavyochimba. Kwenye mteremko funga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, kisha rudia. Kuziburuta taratibu kutoka juu hadi chini ndiko kunakopika rimu. Usiweke tyubu za lateksi. Pima upana wa rimu kwa kalipa sehemu kadhaa kila unaposhuka mlima mkubwa. Mahali palipopanuka, au breki ikianza kudunda mkononi wakati gurudumu limenyooka, ndio mwisho wa rimu hiyo.

Kwa breki za diski tatizo la joto huondoka, ila angalia kingo za rimu. Zile zisizo na ndoano za kushika tairi zina kikomo cha upepo cha bar 5, kama psi 72, na hutaka tairi ambayo mtengenezaji wake ametamka kwamba inazifaa. Rimu isiyo na maelezo hayo ni ya kurudisha.

Mwanangu alianguka na baiskeli yenye foko ya kaboni. Kwa nje naona mkwaruzo tu. Aendelee kuipanda?
*Mzee mstaafu*

Shikamoo mzee wetu. Asiipande hadi ikaguliwe. Pigo la kaboni linaweza kutenganisha tabaka za ndani huku rangi ikibaki nzima.

Ondoa foko kabisa kwenye fremu. Kuitazama ikiwa imefungwa ni kazi bure, kwani sehemu inayovunjika sana imejificha chini ya stemu na kwenye taji, pale bomba linapokutana na miguu. Isafishe, ishike chini ya mwanga wa pembeni, papasa kila mahali kwa kucha. Kisha gonga kwa ukingo wa sarafu, hatua ndogondogo, ukilinganisha mguu wa kushoto na wa kulia. Mlio mkavu unaofanana pande zote ni dalili njema. Mlio ulioziba mahali pamoja ni dalili ya tabaka zilizoachana. Fahamu tu kwamba sarafu huweza kukuonyesha ubovu, lakini haiwezi kukuhakikishia uzima, hasa kwenye taji ambako kaboni ni nene. Hakika hupatikana kwa kipimo cha ultrasauti au picha za mionzi.

Kama gurudumu la mbele ndilo lililopokea pigo, au foko yenyewe haina jina, usihangaike na vipimo. Badilisha. Na ya zamani ikate vipande viwili kabla ya kuitupa, asije mtu akaiokota akaifunga.

Na vishikio vya chupa vya kaboni vya bei ya chini?
*Mwenye kiu*

Hivyo chukua bila wasiwasi. Kikivunjika unapoteza chupa, basi. Kaza bolti zake kwa Nm 2 hadi 3, na sugua kingo kwa msasa ukiwa umevaa barakoa, kwa sababu vumbi la kaboni huchoma ngozi na halifai kuvutwa puani.