Dai Linaloweza Kujibiwa

Mhariri, wiki hii umeuliza ni nini hufanya maandamano yafaulu na ni nini huyaharibu. Nauza vifaa vya simu katikati ya jiji la Nairobi, na ninavyoona mimi, hufaulu pale mkubwa anapoweza kuyajibu kwa kitendo kimoja, na kila mpita njia anakijua kitendo chenyewe.

Mwaka 2023 upinzani uliandamana Jumatatu, baadaye hata Alhamisi. Bei ya unga, sava za uchaguzi (kompyuta zilizohifadhi matokeo), tume ya uchaguzi, yote kwa mkupuo. Ukimuuliza aliyejivika sufuria kichwani anataka nini, kila mmoja alikuwa na lake. Yakaishia mazungumzo ya serikali na upinzani katika ukumbi wa Bomas.

Juni 2024 vijana waliupinga Mswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya, nao ulikuwa na vifungu na siku ya kupigiwa kura. Wasichana wawili walisimama kibandani kwangu kuchaji simu, wakanisomea kipengele cha ada ya mazingira na kunieleza kingepandisha vipi bei ya sodo na nepi. Mbunge wangu hajawahi kunisomea hata mstari mmoja wa sheria. Tarehe 18, vijana wakiwa ndio kwanza wameingia barabarani, pendekezo la VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 kwenye mkate liliondolewa. Tarehe 26 Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini mswada. Wapo wanaosema kilichomtisha ni moto wa Bungeni jana yake. Sikubali: mkate ulikuwa umeshaokolewa wiki moja kabla, bila jiwe kurushwa Bungeni. Tena Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 39 waliouawa kufikia 1 Julai. Siwezi kuutaja ushindi ule nikawaacha hao.

Kisha dai likawa Rais aondoke. Hilo halina kifungu wala siku ya kura, na hakuna anayeweza kulikubali nusu. Julai wahuni wakajipenyeza, maduka mtaani kwetu yakavunjwa. Majirani waliowagawia vijana maji mwezi Juni sasa wakawa wanashangilia lori la polisi likitokea. Mwenye kibanda akishayaogopa maandamano, serikali haihitaji tena kuyajibu.

Desemba 2024 baadhi ya mapendekezo ya ule mswada yalirudi kupitia Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Ushuru. Sikuona hata kijana mmoja akipita kwetu na bendera, na wakati ule ndio karatasi ilikuwa mezani tena.